Kuni, maji na neno nililolielewa vibaya

Februari 2013 dada yangu aliniandikia ujumbe kutoka Lushoto. Kiangazi kilikuwa kikali, chemchemi ya karibu na nyumbani ilikuwa imekauka, na maji walikuwa wakiyafuata kule bondeni, mwendo wa dakika arobaini kwenda. Kurudi usiseme, maana kurudi ni kupanda. Majirani wanne walikuwa wamekubaliana kuchanga ili wavute bomba kutoka kwenye laini inayopita barabarani, na fungu la nyumba yetu lilikuwa laki mbili na nusu. Mama goti lilikuwa limeshaanza kumsumbua. Dada hakuomba kwa maneno mengi. Aliandika tu, "Mdogo wangu, angalia utakachoweza."

Mimi nilikuwa Fukui, Japani, kwenye chumba kidogo cha mwanafunzi, theluji imefika usawa wa dirisha. Nikamjibu. Jibu lenyewe ninalo mpaka leo, nimekuwa nikilihamisha kutoka simu moja hadi nyingine nisije nikalisahau: "Dada, wazee wa huku wanasema, kabla ya kuzinduka, chanja kuni, teka maji. Baada ya kuzinduka, chanja kuni, teka maji. Usiuchukie mzigo. Maji unayoyabeba ndiyo njia yenyewe. Habari ya pesa tutaangalia."

Hakunijibu.

Sikuyaandika yale kwa dharau, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Niliamini kabisa kwamba nilikuwa nampa kitu kikubwa kuliko laki mbili na nusu.

Nilikuwa nimefika Fukui mwaka 2011 kusomea uhandisi. Mkoa ule ndiko liliko hekalu la Eiheiji, la Wabuddha wa Zen, lililoanzishwa na mtawa Dogen mwaka 1244, katikati ya mierezi mirefu mlimani. Siku hizo sikulijua. Nilichokijua ni baridi, lugha isiyoingia kichwani, na usiku ambao usingizi haukuja. Mwanafunzi mwenzangu aliponiona nimekonda akanipeleka kwenye hekalu dogo la mtaani kwao. Mkuu wa hekalu lile, ambaye kila mtu alimwita Osho kwa heshima, alikuwa amepata mafunzo yake Eiheiji ujanani. Kila Jumapili saa kumi na mbili asubuhi watu kama kumi walikuja kukaa zazen pamoja naye: umekunja miguu juu ya mto wa mviringo, uso umeelekea ukutani, macho nusu wazi, dakika arobaini, kimya. Nilimwambia mapema kwamba mimi ni Mlutheri na sikuja kubadili dini. Akanionyesha mahali pa kuweka viatu.

Baada ya miezi miwili nikaanza kulala usiku. Sitaki kulipunguza hilo. Lilinisaidia, na bado linanisaidia.

Kisha nikaanza kusoma, na katika kusoma nikakutana na neno la kuni na maji. Limeandikwa kila mahali, kwenye kadi, kwenye vikombe, kwenye picha za milima yenye ukungu. Kwa wengi wanaolipenda, kuni na maji ni mfano tu. Kwangu vilikuwa na harufu. Najua mkaratusi mbichi unavyokataa shoka. Najua dumu lisilojazwa sawasawa linavyopiga kelele mgongoni, na najua usiku wa Julai kule kwetu milimani, kuni zikiwa na unyevu, moshi unavyowatoa watoto machozi kabla uji haujachemka. Kwa hiyo neno lile lilinipata mahali ambapo sikuwa na kinga. Nikajiona mrithi. Nikasema moyoni, watu hawa wanasafiri nusu ya dunia kutafuta jambo ambalo mama yangu amelifanya kila alfajiri tangu kabla sijazaliwa! Kutoka hapo nikapiga hatua moja tu zaidi, na hatua hiyo ndiyo iliyonipoteza. Kama ni hivyo, mama na dada wanalo tayari. Hawahitaji kuongezewa kitu.

Nilipotea nikiwa na furaha, ndiyo maana sikujua kwamba nimepotea.

Agosti mwaka huohuo nilipata nauli nikaenda nyumbani wiki tatu. Siku ya pili asubuhi nikamfuata dada bondeni. Mikononi nilikuwa na simu tu, kwa sababu nilitaka picha za kuwaonyesha wale wa hekaluni. Nilimpiga picha akichota kwa kopo na kujaza ndoo ya lita ishirini, taratibu, akisubiri tope litulie kila mara. Ilipojaa akakata vijiti viwili vya majani akaviweka juu ya maji yasiruke njiani. Akakunja kitenge kuwa kata, akakiweka kichwani, akachuchumaa. Nikaweka simu mfukoni nikamtwika.

Tulipoanza kupanda nikaanza kuongea. Nikamweleza habari ya pumzi. Nikamwambia, ukibeba maji beba maji tu, usiwaze kilima, kilima hakipo mpaka ukifikirie. Nilisema mengi, na nilikuwa na pumzi ya kuyasemea kwa sababu sikuwa nimebeba chochote. Yeye alikuwa kimya, shingo imenyooka, jasho linamtiririka nyuma ya sikio. Tulipofika kwenye jiwe ambalo watu wote hupumzikia akasema, "Nitue."

Nikamtua. Akajifuta uso kwa ule upande wa kitenge uliokuwa mkavu, akanitazama.

"Mdogo wangu, mara ya mwisho wewe kubeba maji ilikuwa lini?"

Nikahesabu. Ilikuwa 2005, kabla sijakwenda bweni kidato cha tano.

"Na huyo aliyeyasema hayo maneno, alikuwa amebeba?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimelibeba neno lile mwaka mzima na sikumjua aliyelisema.

"Mimi mzigo siuchukii," akasema. "Nimeubeba tangu nina miaka saba. Mimi nilikuomba bomba."

Kisha akachuchumaa tena, nami nikamtwika.

Niliporudi Fukui kitu cha kwanza nilituma fedha. Nimwambie msomaji ukweli wote: mto wa kukalia zazen niliokuwa nimejinunulia Januari ile, kabla ya ujumbe wa dada, ulikuwa wa yeni elfu sita, karibu laki moja ya kwetu wakati ule. Fedha zilikuwepo. Kilichokosekana kilikuwa kingine.

Jumapili iliyofuata, tulipomaliza kunywa chai na watu wakaondoka, nikamuuliza Osho swali la dada kama lilivyo. Aliyelisema neno la kuni na maji, alikuwa amebeba? Nilitegemea atatabasamu na kunipa kitendawili. Akaniuliza ni nani aliyeniuliza hivyo. Nikamsimulia yote, mpaka ujumbe wa Februari nikamtafsiria. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akainuka akaleta kitabu, akavaa miwani, na tukakisoma pamoja mpaka adhuhuri, yeye akinieleza maneno ya zamani kwa Kijapani chepesi.

Neno lile, kama tulijuavyo kwenye vikombe, lenye kabla na baada, limefupishwa na watu wa siku hizi. Mzizi wake ni shairi la Mchina aliyeitwa Pang Yun, aliyeishi takriban kati ya mwaka 740 na 808. Hakuwa mtawa. Alikuwa mtu mwenye mke, binti na mtoto wa kiume. Inasimuliwa kwamba mali yake aliipakia kwenye mashua akaizamisha majini, na tangu hapo akaishi kwa kusuka vyombo vya mianzi ambavyo binti yake, Lingzhao, alivipeleka sokoni. Siku moja mwalimu wake, Shitou, alimuuliza: tangu uonane nami, shughuli zako za kila siku zikoje? Pang akajibu kwa shairi. Shughuli zangu za kila siku si za ajabu, mimi napatana nazo tu. Sishiki kitu, sikatai kitu, hakuna mahali ninapogongana nazo. Nyekundu na zambarau, ni nani aliyezipa cheo? Mlima hauna hata chembe ya vumbi. Nguvu zangu za miujiza ni hizi: kuteka maji na kubeba kuni.

Osho alinisimamisha pale penye nyekundu na zambarau. Hizo zilikuwa rangi za majoho ya maofisa wakubwa wa serikali ya wakati ule. Na miujiza nayo ilikuwa habari ya kila siku, kulikuwa na masimulizi mengi ya watakatifu wanaoruka angani na kusoma mawazo ya watu. Pang, mtu aliyekuwa na mali akaiacha, anaulizwa habari zake mwenyewe, naye anajibu kwamba joho halimtishi na kuruka hakumvutii. Muujiza wake uko mgongoni.

"Aliulizwa habari za maisha yake," Osho akasema, "na yeye akajibu habari za maisha yake."

Akafunga kitabu. Hakuongeza neno, wala sikuhitaji aongeze. Pang hakumwambia mkewe kwamba maji ni njia. Hakumwandikia Lingzhao kule sokoni asichukie kikapu. Neno lilelile, likitoka kwa aliyebeba kuhusu mzigo wake, ni ushuhuda. Likitoka kwa asiyebeba kumwendea aliyebeba, sina jina zuri la kuliita. Mwenye shamba anaweza kulitumia. Mwajiri anaweza kulibandika ukutani kiwandani. Mimi nililitumia kumnyima mama yangu bomba, huku nikidhani nambariki.

Jioni ile nikampigia dada. Nikamwambia, "Ndiyo, alikuwa amebeba."

"Nani?"

"Yule mzee wa kuni na maji."

Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi huyo naweza kumsikiliza."

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo nilielewa. Nilielewa kosa moja, nikabaki na jingine. Nilichojifunza kwa Pang nilikigeuza kuwa kazi ya maonyesho. Sasa na mimi nitabeba, nikasema, na nitabeba kwa utulivu mkubwa. Katika hekalu lile, siku za mazoezi marefu, tulikula kwa utaratibu wa watawa: bakuli zinazoingiana, moja ndani ya nyingine, zimefungwa kwenye kitambaa. Ukimaliza uji unaacha kipande cha figili iliyochachushwa, unapewa maji ya moto, unazungusha kile kipande ndani ya bakuli kusafisha, unakila, unakunywa yale maji, unafuta, unafunga. Ni utaratibu mzuri sana na haupotezi punje. Baada ya chakula zilibaki sufuria za jikoni za kuosha kwenye sinki moja. Nikawa naziosha kama mtu anayesali. Nilizungusha kitambaa polepole, macho nimeyafumba nusu, nasikiliza maji. Nyuma yangu walisimama wamama watatu, mkubwa wao ana miaka zaidi ya sabini, wameshika vyungu vyao, mikono inawaganda. Sikuwaona. Yule mkubwa alikuja akakichukua kitambaa mkononi mwangu, kwa upole kabisa, akaosha sufuria mbili kwa muda ambao mimi nilikuwa sijamaliza kifuniko, akanirudishia kitambaa.

Nimekuja kujua kwamba kosa hili la pili na lile la kwanza ni ndugu. Kwanza nilidhani kazi yenyewe, kwa kuwa ni kazi duni, tayari ni mwangaza, yaani kule kuzinduka, hivyo anayeifanya aachwe aifanye. Kisha nikadhani mwangaza ni namna fulani ya kuipamba kazi. Mara zote mbili nilikuwa natazama neno, sikuwa natazama sufuria, wala aliyesimama nyuma yangu.

Kuna kisa cha mwalimu mwingine wa karne ya 8, Dazhu Huihai. Aliulizwa anafanya juhudi gani katika njia. Akasema, nikiona njaa nakula, nikichoka nalala. Watu huishia hapo, na mimi niliishia hapo miaka miwili, nikifurahi kwamba njia ni nyepesi kiasi hicho. Lakini muulizaji hakuishia hapo. Akasema, mbona kila mtu anafanya hivyo, wao nao wanafanya juhudi kama zako? Dazhu akasema hapana. Wao wakila hawali, wana madai mia. Wakilala hawalali, wana hesabu elfu. Ukilikata lile jibu la pili unabaki na ruhusa ya kufanya upendavyo. Ukiliacha, unaulizwa swali gumu kila unaposhika kijiko.

Ukataji huu umeenea. Maneno ya Qingyuan Weixin, mwalimu wa China wa zama za watawala wa Song, wengi wanayajua: kabla sijajifunza niliona milima ni milima na mito ni mito, nilipojifunza nikaona milima si milima, sasa nimepata pa kupumzika naona tena milima ni milima. Hapo kadi inakwisha. Mzee mwenyewe aliendelea akawauliza waliomsikiliza: mitazamo hii mitatu ni mmoja, au inatofautiana? Akasema atakayeweza kuipambanua atakuwa amemwona yeye ana kwa ana. Aliwaachia swali, sisi tukaligeuza kuwa cheti cha kuhitimu.

Swali lililonisumbua zaidi lilikuwa hili: kama kila kitu tayari ni kamili, kwa nini mtu ajisumbue? Kwa nini kukaa zazen, kwa nini kuvuta bomba? Baadaye nikajua kwamba swali hilo ni la Dogen mwenyewe. Inasimuliwa kwamba akiwa mtawa kijana kwenye mlima Hiei, Japani, aliwauliza wakubwa wake, ikiwa wote wana asili ya Buddha tangu mwanzo, kwa nini wazee wote walihangaika kufanya mazoezi? Hakuridhika na majibu, na mwaka 1223 akapanda meli kwenda China. Miaka kumi baadaye, mwaka 1233, aliandika kisa cha mwalimu Magu aliyekuwa akijipepea. Mtawa akamwendea akasema, asili ya upepo ni ya kudumu na hakuna mahali usipofika, sasa unajipepea kwa nini? Magu akasema, unajua kwamba upepo ni wa kudumu, hujui maana ya kufika kila mahali. Mtawa akauliza, maana yake ni nini? Magu akaendelea kujipepea.

Mtu wa Kiswahili kisa hiki kinamwingia bila mkalimani, kwa sababu kwetu upepo na kupepea ni neno moja. Mama akiwasha jiko la mkaa haulizi kama upepo upo. Upo. Anachukua kipande cha boksi, anapepea, mkaa unashika. Upepo usingekuwepo kupepea kusingefaa kitu, na asipopepea uji hauivi. Nilipomweleza Osho kwamba katika lugha yetu maneno hayo mawili yana mzizi mmoja aliniomba nimwandikie. Aliyaandika kwenye karatasi kwa herufi za Kijapani, akayasoma kwa sauti mara kadhaa, upepo, pepea, akaibandika karatasi karibu na dirisha la jikoni. Iliendelea kuwepo mpaka nilipoondoka.

Lakini aliyenifundisha kuliko wote ni mpishi, ninayemjua kwa maandishi tu. Dogen alikutana na wapishi wawili wazee kule China, akasimulia habari zao mwaka 1237 katika maagizo aliyowaandikia wapishi wa hekalu. Wa kwanza alikuwa na miaka 61. Alitembea karibu kilomita ishirini mpaka bandarini kwenye meli aliyofikia Dogen, kununua uyoga wa Kijapani kwa ajili ya mchuzi wa watawa. Dogen alikuwa na miaka 23. Alimbembeleza mzee alale pale wazungumze, mzee akakataa, chakula cha kesho kinamsubiri. Dogen akamuuliza kwa nini mtu wa umri wake ahangaike na jiko badala ya kukaa zazen na kusoma maneno ya wahenga. Mzee akacheka sana, akamwambia, mgeni wangu, bado hujajua mazoezi ni nini, wala hujajua maneno ni nini.

Wa pili alikuwa na miaka 68, mgongo umepinda kama upinde, nyusi nyeupe. Dogen alimkuta adhuhuri anaanika uyoga uani, jua linachoma vigae, fimbo ya mwanzi mkononi, kichwani hana kofia. Akamuuliza kwa nini asiwatume wasaidizi. Mzee akasema, "Wengine si mimi." Dogen akasema, ni kweli, lakini jua ni kali, kwa nini sasa? Mzee akasema, "Ningoje wakati gani?"

Nilipoisoma sehemu hiyo, nikiwa peke yangu chumbani, niliiona ndoo ya dada yangu ikipanda kilima. Wengine si mimi. Nilikuwa nimemwachia mtu mwingine amalize njia kwa niaba yangu, nami nikabaki na maelezo. Na ule ujumbe wangu, "habari ya pesa tutaangalia," nilikuwa nangoja wakati gani?

Bomba lilivutwa Novemba 2013. Mafundi walichimba mtaro siku tatu, na kila nyumba ilitoa mtu wa kuchimba. Kwetu alitoka dada. Mama alinipigia simu jioni maji yalipotoka mara ya kwanza, akaiweka simu karibu na ndoo nisikie. Goti lake halikupona, lilikuwa limeshachelewa, lakini kilima hakipandi tena.

Nilirudi nchini 2014, nafanya kazi Tanga mjini. Zazen nakaa bado, asubuhi, kabla mtaa haujaamka. Sufuria za jioni naosha mimi, na naziosha kwa kasi, hasa ukoko wa ugali unaotaka kulowekwa kwanza. Siku nyingine akili inakuwepo pale kwenye sufuria, siku nyingine haipo. Sijamwandikia mtu yeyote neno la wahenga kwenye simu tangu mwaka ule.

Mvua za vuli za 2016 hazikunyesha vya kutosha, na Januari 2017 nilipokwenda nyumbani nilikuta bomba linatoa hewa. Majirani wale wanne walikuwa wamerudi bondeni kama zamani. Alfajiri nikachukua ndoo ya pili nikamfuata dada. Alinitazama, hakusema kitu. Kule chini alichota yeye, akajaza zote mbili, akakata majani akaweka juu ya maji. Kitenge changu nilikikunja vibaya, akakifungua, akakikunja upya kwa duara dogo, akanibandika kichwani na kukikandamiza kwa kiganja. Akanitwika. Shingo ililia. Hatua kumi za kwanza maji yaliruka yakaniingia kwenye kola mpaka mgongoni, baridi ya milima, nikashtuka, ndoo ikayumba.

Nilifungua mdomo nimwambie jambo. Sikumbuki lilikuwa jambo gani.

"Usiongee," dada akasema nyuma yangu. "Maji yatamwagika."